Mchezo ni kikao
Maoni juu ya michezo ya zamani, sheria zake na umoja wa wanaoicheza

Mwaka 2023 chama chetu cha hapa Yangambi kilikaribia kuvunjika juu ya mbegu. Tulikuwa tunatayarisha siku ya michezo na masimulizi ya kwetu. Programu ilikuwa imekwisha kuandikwa: asubuhi mashindano ya mchezo wa mashimo, mchana chakula, jioni hadithi kwenye barza. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, kuandika sheria za mashindano kwenye karatasi moja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mzee mmoja alisema kila shimo linaanza na mbegu mbili. Mwingine akasema hapana, mbegu zinapangwa kwenye safu moja tu. Wa tatu akauliza kama mchezaji ana ruhusa ya kurudi nyuma. Wa nne akataka kujua mbegu zilizoliwa zinaenda wapi: zinatoka kabisa, ama zinapandwa tena upande wa aliyekula? Mpaka hapo tulikuwa bado tunacheka. Kisha mtu mmoja akasema: "Hii yetu ndiyo ya bankambo. Ile yenu mulifundishwa na bageni." Kicheko kikakoma. Wazee wawili wakabeba viti vyao wakaenda. Kwa miezi miwili kukawa na mbao mbili, zikichezwa mahali pawili, na barza yetu ya siku zote ikabaki tupu.

Msomaji wa mbali ataona ni ugomvi wa watoto. Lakini Yangambi si kijiji cha ukoo mmoja. Waturumbu, Walokele, Watopoke, Wambole, pamoja na watoto wa wafanyakazi waliokuja kutoka pande nyingi tangu INEAC ilipoanzishwa mwaka 1933, wote tunakaa hapa, na wote wako ndani ya chama. Na mwaka ule ule wa 2023, kule Lubunga, ng'ambo ya mto pale Kisangani, Wambole na Walengola walikuwa wameanza kuuana juu ya ardhi, na watu walikuwa wanakimbia nyumba zao. Wakati wa namna hiyo, maneno "sisi wenyeji, ninyi wageni" yana hatari, hata kama yanasemwa juu ya mbegu za mchezo.

Ndiyo maana tunaandika. Tunataka kuuliza mchezo wa zamani unalindwa na nini: na sheria yake ya kwanza, ama na watu wanaokubali kukaa pamoja kuucheza? Kwa kujibu tutapima mambo matatu: mchezo wa mashimo wenyewe, utenzi wa Mwindo wa jirani zetu Wanyanga, na mchezo mmoja wa meza wa Wamarekani ambao wapenzi wake wamegombana kuliko sisi.

1. Ubao mmoja, sheria nyingi

Tuanze na neno "asili". Mchezo wa mashimo unaenea karibu Afrika nzima. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita kwa Wazande, kaskazini yetu, karibu na mwaka 1870, aliukuta huko na kuuandika kwa jina la mungala. Mwaka 1896 Mmarekani Stewart Culin alitoa maandishi akiuita mchezo wa taifa wa Afrika. Sifa hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilituletea pia kosa: ilifanya watu wadhani kwamba kuna mchezo mmoja, na kwa hiyo kuna sheria moja, na kwa hiyo kuna kabila moja lenye kuihifadhi.

Tazama majirani watatu tu. Waswahili wa pwani wana bao. Waganda wana omweso. Wanyarwanda wana igisoro. Zote tatu zina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Ukiweka mbao tatu hizo tupu kwenye soko la Yangambi, si rahisi mtu akuambie ipi imetoka wapi. Lakini namna ya kuanza ni mbali kabisa. Katika igisoro kila mchezaji anapanga mbegu nne nne kwenye safu yake moja. Katika omweso mchezaji ana uhuru wa kupanga mbegu zake 32 anavyotaka, na ujuzi unaanzia hapo. Katika bao la kiswahili mchezaji anaanza na kete 10 tu kwenye ubao, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 anabaki nazo mkononi, akiziingiza mojamoja. Nani kati yao ameharibu mchezo? Hakuna. Kila mmoja amekaa na watu wake, wakapatana.

Jambo linalotufundisha zaidi liko kwa Waswahili wenyewe. Wana michezo miwili kwenye ubao ule ule: bao la kiswahili, na bao la kujifunza, ambalo kete zote zinaanza kwenye ubao, mbili mbili kila shimo. Hawakufukuzana. Waliipa kila sheria jina lake. Mtu akikaa anauliza: leo tunacheza lipi? Swali hilo fupi ndilo lililokosekana kwenye kikao chetu. Sisi tuliuliza ipi ni ya kweli, na kwa swali hilo hakuna jibu ambalo halimfukuzi mtu.

Wanaotafuta asili safi tunawakumbusha kitu ambacho kila mtoto wa Yangambi anapaswa kujua. Mwaka 1941 watafiti wawili wa hapa, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya ngazi, yaani michikichi. Walionyesha kwamba tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, ni mtoto wa dura na pisifera. Dura ina ganda nene. Pisifera haina ganda, na mara nyingi haizai sawasawa. Mti ambao dunia nzima inaupanda leo kwa ajili ya mafuta ni mti wa kuchanganya, na siri yake ilielezwa hapa kwetu. Hatusemi kwamba michezo ni miti. Tunasema tu kwamba sisi, wa mahali hapa, hatuna sababu ya kuogopa kitu juu kina wazazi wawili.

2. Mwindo: hadithi ambayo ni mchezo

Mashariki yetu, upande wa Walikale, wako Wanyanga. Mwaka 1956 mzee wao Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa shujaa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke hakukaa tu akisema maneno. Aliimba, alicheza ngoma, aliigiza, alikuwa Mwindo mwenyewe mbele ya watu. Wenzake walipiga mti wa ngoma, na wasikilizaji waliitikia nyimbo. Mwaka 1969 Biebuyck na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, walitoa kitabu, na kwa ajili yao utenzi huo unasomwa leo duniani kote.

Tunakisifu kitabu hicho, lakini tuko na neno la kusema juu yake. Msomaji wa shuleni anakipokea kama Mwindo mwenyewe. Anadhani sasa tuko na maandishi kamili, na mzee mwingine akisimulia tofauti, amekosea. Biebuyck mwenyewe hakutaka hivyo: mwaka 1978 alitoa kitabu cha pili chenye Mwindo wa wasimulizi wengine, na hawafanani. Shujaa ni yuleyule, njia si ileile. Karatasi imetuwekea maneno ya Rureke ya siku zile 12. Kikao, jasho, kuitikia kwa watu, na lile jambo ambalo msimulizi analibadilisha akiona wasikilizaji wanalala, hayo hayakuingia kwenye karatasi.

Ndani ya hadithi yenyewe kuna mchezo. Mwindo anamtafuta baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumuua toka alipozaliwa na sasa amekimbilia chini ya ardhi. Anafika kwa Sheburungu. Sheburungu hamtoi Shemwindo bure. Anamwambia kwanza tucheze wiki, mchezo wa bahati wa mbegu. Mwindo anapoteza karibu vyote. Anabaki na usinga wake, ule wa conga, ambao ni nguvu yake. Anauweka huo pia, na bahati inageuka, anarudisha vyote. Mkubwa na kijana wanakaa chini, wanacheza kwa sheria moja, na aliyeshindwa anakubali. Vita vya baba na mtoto vinafikia mwisho wake baada ya mchezo, si baada ya mkuki.

Na tazama wanavyopatana. Kwenye kikao cha nyumbani vinashuka viti vitatu. Baba kimoja, mtoto kimoja, na katikati anakaa shangazi Iyangura. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu, na nchi inagawanywa. Kwa maoni yetu hapo ndipo uzuri mkubwa wa utenzi huo ulipo. Wasomaji wengi wanapenda usinga na miujiza. Sisi tunapenda kile kiti cha katikati.

3. Wamarekani na mchezo wao wa meza

Katika mabishano yetu, kijana mmoja wa chama anayesoma Kisangani alituambia: "Bazee, musione haya, hata bazungu bamegombana hivi." Akatueleza juu ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wengine wetu tulitaka kumnyamazisha. Baadaye tuliona alikuwa na haki.

Mchezo huo ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huko Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Chapa ya kwanza ilikuwa maboksi 1000 tu, kila boksi na vijitabu vitatu. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mlango, giza, sauti inayosikika mbele. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, shujaa wa upanga au mwenye dawa, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindwa, wanatupa dadu. Hakuna anayeshinda mwenzake. Ukiondoa dadu, mjukuu wa Rureke angeketi hapo bila kufundishwa sana.

Vijitabu vile vya kwanza viliandikwa vibaya. Mambo mengi hayakuelezwa, mengine yamepangwa ovyo, na mtu aliyevisoma peke yake alichanganyikiwa. Lakini upungufu huo ulizaa tunda. Kila meza ililazimika kujaza mashimo yenyewe, na waandishi wenyewe waliwahimiza wasomaji waamue na wabuni. Basi kila mji ukawa na desturi yake. Miaka michache baadaye Gygax huyohuyo, alipotoa vitabu vikubwa, alianza kutaka meza zote zicheze sawa. Mtu mmoja, maneno mawili. Tunamwelewa, kwa maana sisi pia tulifanya hivyo: tulicheza miaka mingi bila karatasi, kisha siku ya kuandika karatasi tukawa maaskari.

Waanzilishi wenyewe hawakukaa pamoja. Arneson alishtaki kampuni mwaka 1979, kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 1981. Gygax alipoteza uongozi wa kampuni mwaka 1985. Mwaka 1997 kampuni iliuzwa. Toleo jipya likaja mwaka 2000, lingine 2008, lingine 2014, na kila toleo liligawanya wapenzi: hawa wanasema la zamani ndilo la kweli, wale wanasema wazee wamelala. Karibu na mwaka 2006 wapenzi wa namna ya zamani walianza kuandika upya sheria za kale na kuzigawa bure, ili mchezo wao usife madukani. Wazo lao kubwa lilikuwa kwamba uamuzi wa msimulizi mezani unapita wingi wa sheria kitabuni. Ni wazo zuri. Lakini hata hao walianza kuulizana nani ni mzee wa kweli na nani ni wa kuiga, na waliopenda kitu kilekile wakaacha kusalimiana.

Kilichowarudisha pamoja kwa muda ni hatari. Mwezi wa kwanza wa 2023, kampuni yenye mchezo ilitaka kubadilisha ruhusa ambayo tangu mwaka 2000 iliwaacha watu watumie sheria zake katika kazi zao. Wa zamani na wa kisasa walipinga kwa sauti moja, na kabla ya mwezi kuisha kampuni ilirudi nyuma, ikaziachia sheria za msingi kwa matumizi ya wote. Walipokumbuka kwamba meza ni yao wote, toleo la nani likawa jambo dogo.

Hatutaki kusifu tu. Katika sheria zile za zamani, mhusika anapanda cheo hasa kwa dhahabu anayoitoa shimoni, pamoja na viumbe anaowaua. Sisi wa mto huu tunaijua hadithi hiyo kutoka upande wa wale walio shimoni. Mwaka 1883 Stanley alipopanda mto akielekea maporomoko, alikuta vijiji vimechomwa na watafuta watumwa na pembe za ndovu. Baadaye ukaja mpira wa Leopold. Mashujaa wenye silaha wanaoingia kwa watu, wanachukua mali na kurudi wakubwa zaidi, kwetu hilo si jambo la kubuni. Mwindo anajibu vizuri zaidi. Yeye pia anaua dubwana, Kirimu. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, na Nkuba anamchukua Mwindo juu mbinguni. Anateseka huko mwaka mzima, anafundishwa, na anarudi na katazo la kuua wanyama. Shujaa wa Wanyanga hapandi cheo kwa kuua. Anaulizwa juu ya aliyemuua. Hapo mchezo wa Wamarekani ungejifunza kitu kutoka Walikale.

4. Tulichojaribu

Tulijaribu jioni moja. Dadu ya pande ishirini hatukuwa nayo, tukaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya karatasi, tukavitia ndani ya kopo la maziwa. Mzee mmoja, si kati ya wale wawili waliotoka, akakubali kuwa msimulizi. Alichukua safari ya mtumbwi toka Isangi mpaka Yangambi, usiku, na mgonjwa ndani. Vijana wakawa wapiga kasia, mama mmoja akawa mwenye mgonjwa. Kila walipokosea njia waliingiza mkono kwenye kopo. Karatasi ya 3 ilipotoka, mtumbwi ukakwama kwenye mchanga, na barza nzima ikapiga kelele. Watu walipitia njiani wakabaki wamesimama.

Usiku ule mmoja wa wazee waliotoka alikuja, akasimama nyuma, akasikiliza. Mwishoni alisema tu: "Pale kwenye mchanga, mungepita kulia." Yule mama aliyekuwa mwenye mgonjwa akamsukumia kiti chake, akasema: "Basi papa, kaa utupitishe." Akakaa. Wiki iliyofuata alikuja na ubao wake. Mzee wa pili bado hajarudi, na hatutaki kuandika kana kwamba amerudi.

Tuliyoyaona jioni ile yanaingia kwenye maneno machache. Hakuna aliyeuliza sheria ya kopo ilitoka wapi. Msimulizi aliitaja mbele ya kuanza, wote wakakubali, ikawa sheria. Aliyejua mto zaidi alisikilizwa kwa ajili ya kujua kwake, si kwa ajili ya kabila lake. Na furaha ilikuwa kubwa kuliko siku zote za mashindano yetu, ijapokuwa hakuna aliyepewa zawadi.

5. Maoni yetu

Kuna watu kati yetu wanaosema tuache mambo yaende, vijana wana simu, mchezo utakufa wenyewe. Hao tunawaambia: kitu kisichokuwa na kanuni yoyote hakichezwi. Mbegu bila sheria ni mbegu za kutupia kuku. Wazee wanaoshika namna ya kale wanafanya kazi ya maana, na bila wao tungekuwa na mbao za kuonyesha wageni tu.

Lakini anayelinda sheria kwa kufukuza mchezaji amebaki na ubao usio na mtu wa upande wa pili. Mchezo huu unataka watu wawili. Sheria nzuri kuliko zote, ikiwa na mtu mmoja, haichezwi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa chama. Kwanza, kila namna ya kucheza iandikwe kwa jina lake na mahali pake, na neno "asili" lisiandikwe juu ya yoyote. Pili, katika mashindano, wachezaji wataje sheria mbele ya mbegu ya kwanza. Wasipopatana, wacheze mara mbili, mara moja kwa kila namna. Tatu, kwenye kila kikao kuwe na mtu wa kukaa kiti cha katikati, na tungependa awe mama, kama Iyangura. Nne, jioni za masimulizi zirudi, pamoja na kopo la karatasi kwa wanaolipenda, na hadithi zitoke kwenye mto wetu na msitu wetu.

Barza inafunguliwa kila jumamosi baada ya saa kumi. Yule mzee ambaye bado hajarudi, kiti chake kipo, na mbegu zake mbili kila shimo tutazipanga kama anavyotaka yeye.